Mashine Iliyobaki Migwani

Mhubiri mgeni kutoka Mwingi alisimama mbele ya mazishi mazima akasema kwamba nyimbo zote zilikuwa tamu, lakini sauti ya yule mama mwenye pengo, wa pili kutoka kushoto, ndiyo iliyomtoa machozi. Mbinya akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ilibidi akiinamishe, la sivyo angecheka marehemu akiwa bado hajafukiwa. Tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho hakuwa ametoa hata sauti ya mbu.

Mdomo aliufungua, hilo hakuna wa kulikana. Aliupanua kwenye "a", akauviringa kwenye "o", akapandisha nyusi mahali pa juu na kufumba macho mahali pa msalaba. Pumzi alivuta na wenzake, akaiachilia polepole na wenzake, ikatoka tupu kama gunia lisilotiwa mahindi. Kuimba bila sauti ni kazi kuliko kuimba. Asiyeamini ajaribu mwenyewe, mbele ya watu, na njaa ya mazishi iko tumboni.

Ujanja huo aliuanza baada ya Pasaka ya mwaka jana, sauti yake ilipomtoroka. Usichanani Mbinya aliimba sauti ya kwanza mpaka ndege wakaona haya. Alipomzaa Muindi, kifungua mimba wake, sauti ikashuka ikawa ya pili, naye akakubali, maana kuzaa kunashusha vingi. Lakini sasa uzeeni ilikuwa imeshuka tena, ikaipita ya pili, ikaipita ya tatu, ikaenda kukaa chini kabisa kule wanakokaa wanaume na ndume. Akiita kuku asubuhi, kuku wanakimbilia upande ule mwingine.

Angeweza kusema. Lakini angesema tu, gauni la bluu lingemtoka.

Gauni lenyewe lilikuwa la Sauti Tupu, kikundi cha waimbaji cha Migwani: watu kumi na wawili kutoka makanisa manne, bila kinanda, bila ngoma, bila hata kayamba. Watu wa sokoni walisema hawapigi vyombo kwa sababu hawana. Wenyewe walisema hawapigi kwa sababu hawahitaji. Ukweli ulikaa katikati ukanyamaza.

Wiki yao ilikuwa na mpango wake. Jumatatu koo linapumzika, isipokuwa koo la Nyamai, besi wao, ambaye ni dalali wa mbuzi na hajawahi kunyamaza siku nzima tangu abatizwe. Jumanne jioni ni mazoezi, katika stoo ya Kitonga nyuma ya mashine ya kusaga, wanaume wameketi juu ya magunia na wanawake kwenye benchi. Alhamisi wanaenda kuimbia wagonjwa na waliofiwa, na mgonjwa aliyeimbiwa alitarajiwa kupata nafuu, au kama nafuu imekataa, basi angalau chai itoke. Jumamosi ni harusi. Jumapili kila mtu kanisani kwake, anaimba na kwaya ya huko, kisha anaisengenya Jumanne.

Mbinya alikuwa mjane, na Muindi alikuwa amehamia mbali pamoja na watoto wake. Ukitoa Jumanne na Alhamisi katika wiki ya Mbinya, wanabaki kuku. Ndiyo maana gauni alilitundika kwenye msumari unaotazamana na kitanda, lile la bluu lenye kola nyeupe, ili akiamka liwe kitu cha kwanza kumwamkia.

Sasa, kiongozi wao Jonah, kijana mpole mwenye duka la dawa za mifugo, alikuwa na desturi moja aliyoiita kuchambua maharagwe. Wimbo ukiharibika, anapita mbele ya kila mtu, anainamisha sikio karibu na mdomo wake, na huyo anaimba mstari wake peke yake. Jonah anasikiza kama mama anayetafuta jiwe kwenye ungo. Mwaka mzima Mbinya alilikwepa sikio hilo. Likimkaribia, ana njugu mdomoni. Ama amepaliwa. Ama anakumbuka kisa cha pasta na bata, anakisimulia, na watu wanacheka mpaka mazoezi yanafungwa kwa maombi.

Hata hivyo siku ya mwizi ilifika, na ilifika Jumanne.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya mashindano ya Tawa, kule Makueni, ambako vikundi visivyopiga vyombo vilikuwa vinashindania ndume mzima, mwenye nundu. Waimbaji walikuwa wamepata joto hivi, mashine ya Kitonga inanguruma nyuma ya ukuta kama kawaida yake, mara stima ikapotea Migwani yote. Mashine ikalia mwiiii, ikanyamaza.

"Asante Yesu," Jonah akasema. "Leo angalau tutasikizana."

Wakasikizana, na hawakupenda walichosikia. Wimbo ulianza vizuri, kufika ubeti wa pili ukaanza kuteremka kama punda anayeona mto, na kufika mwisho sauti ya kwanza walikuwa wanaimba mahali pa sauti ya pili, na Nyamai alikuwa anatafuta noti yake chini ya magunia.

"Kuna mtu anatuvuta chini," Jonah akasema, na akaanza kuchambua.

Mbinya akapapasa mfukoni. Njugu hakuna. Yvonne, fundi wa nguo anayeongoza sauti ya kwanza, alikuwa amezimaliza zote akilalamika kwamba zina chumvi.

"Susu, mstari wako," Jonah akasema. Vijana wote walimwita hivyo, susu, nyanya yao.

"Koo limekauka, mwanangu."

"Maji haya hapa!" Nyamai akasema, akamletea jagi mbio mbio. Msaada wa mjinga una miguu minne.

Akanywa, taratibu, mpaka jagi likaisha. Kisha kwa kuwa hakuna kingine cha kunywa, akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa sauti ya pili. Kilikuwa mngurumo mzito, mnene, wa chini ya ardhi, na vumbi la unga likadondoka kutoka kwenye boriti. Watu wakaganda. Mlango ukafunguka, na kichwa cha Kitonga, cheupe kwa unga mpaka kope, kikachungulia.

"Stima imerudi?" akauliza.

Hapo stoo ikapasuka. Nyamai alicheka mpaka akaanguka kwenye mizani, na mizani ikasoma kilo zake mbele ya watu. Mbinya naye akacheka, tena kuwazidi, kwa sababu kicheko usipokitangulia kinakukanyaga. Alipokuwa njiani kwenda nyumbani ndipo alipogundua kwamba hacheki tena, na kwamba amepita nyumba yake.

Jonah alikuja kesho yake na mkate wa kununua. Mbinya akajua ni habari mbaya, maana habari njema huja mikono mitupu.

"Susu," akasema, "tumeonelea tukufanye mlezi wa kikundi."

"Mlezi afanye nini?"

"Akae mbele. Avishwe shada. Atutie moyo."

"Na atoe mchango."

"Hiyo pia." Jonah akaangalia viatu vyake. "Tawa lazima twende watu kumi na wawili, ndiyo sheria yao, kwa hivyo utasimama na sisi mara ya mwisho. Simama tu, susu. Mdomo fungua. Lakini tafadhali usitoe sauti. Tukirudi, gauni litaenda kwa msichana mpya."

"Na huyo msichana anaingia kwenye gauni langu?"

"Yvonne atalipunguza."

"Apunguze wapi?"

Jonah alikuwa mtu wa heshima, akamsogezea mkate.

Siku ya Tawa walifika mapema kwa basi la kukodisha, magauni yamefungwa kwenye leso yasipate vumbi. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Ndume alikuwa amefungwa nje kwenye nguzo, na Nyamai alishamfungua mdomo na kumhesabu meno kabla hata ya kuwasalimia wenyeji.

"Huyu ni mali," akasema. "Tukimkosa nitalia kwa jina lake."

Asubuhi kila kikundi kiliimba wimbo mmoja, na vinne bora vingerudi mchana kwa wimbo wa pili. Zamu ya Migwani ikafika. Mbinya akasimama wa pili kutoka kushoto, akafungua mdomo wake mtupu, akapandisha nyusi. Jonah akatoa doh, noti ya kuanzia. Na wimbo, huo huo waliouimba mpaka mbuzi wa Migwani wakaukariri, ukateremka. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili, punda akauona mto. Wa tatu, punda yumo majini. Jaji mkuu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipuliza kifilimbi chake kidogo cha kupimia noti wimbo ulipokwisha, na filimbi ikawa huku, na Migwani wako kule. Watu wa madirishani wakaguna.

Waliingia wa nne, na si kwa uzuri wao. Kikundi kingine kilifukuzwa kwa sababu mama mmoja alipandwa na furaha, akatoa kayamba kwenye kiondo akaipiga.

Wakati wa chakula hakuna aliyetania mwenzake, na hiyo ni dalili mbaya kwa Wakamba. Jonah alikaa na sahani ya pilau asiyoigusa.

"Sielewi," alikuwa anasema. "Na leo susu hakutoa sauti hata kidogo. Nani anatuvuta?"

Mbinya alisikia, na ilimchoma mahali fulani pazuri na pabaya kwa pamoja. Kwa hivyo siye yeye. Akachukua sahani yake akaenda kuisuuza nyuma ya ukumbi, kwenye tangi la maji. Yvonne alikuwa hapo anaosha, macho mekundu, anavumisha ule wimbo puani bila kujua. Anauvumisha sawasawa kabisa, umesimama wima, haulegei. Ng'ambo ya ua, huko sokoni, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, ndugu wa baba mmoja na ile ya Kitonga.

Mashine ikanyamaza, mwenyewe labda alikuwa amemaliza debe la mtu. Yvonne akaendelea kuvumisha, na wimbo ukaanza kuteremka. Mbinya akasimama na sahani mkononi. Mashine ikanguruma tena. Wimbo wa Yvonne ukapanda ukarudi mahali pake, polepole, kama kuku anayerudi kitagoni.

Mbinya akaketi chini, hapo hapo kwenye matope, akacheka mpaka pengo likapata baridi.

"Susu! Umeanguka?"

"Nimeinuka," Mbinya akasema.

Miaka mitatu! Jumanne baada ya Jumanne wameimba wameegemea ukuta wa Kitonga, na mashine imewashika mkono kama mtoto anayefundishwa kutembea. Jonah mwenyewe, kila alipotoa doh, alikuwa anaiokota kutoka kwenye mashine bila kujua. Siku stima ilipopotea, walianguka. Harusini na mazishini walikuwa wakianguka pia, lakini huko nani anasikiza? Mmoja analia, mwingine anangoja chakula. Wamekuja Tawa na magauni, na leso, na maji ya tangawizi ya koo, na mwimbaji wao wa kumi na tatu wamemwacha Migwani anasaga mahindi.

Akamwendea Jonah mbio, gauni lina matope nyuma.

"Jonah. Tumesahau mashine."

"Mashine gani?"

"Ya Kitonga. Ndiyo inatuimbisha. Nipe ruhusa niwe mashine."

Jonah akamtazama, akatazama matope. "Susu, leo si siku ya mzaha. Nakuomba. Simama tu."

Hiyo ndiyo mishahara ya kuchekesha watu. Siku ukiwaletea ukweli wanatafuta mahali pa kucheka, na wakipakosa wanakasirika. Mbinya akatafakari. Akinyamaza, watashindwa, na gauni litaenda. Akinguruma na awe amekosea, atakuwa ameaibisha Migwani yote mbele ya Makueni, na gauni litaenda kwa matusi. Kwa vyovyote gauni lilikuwa limeshavaa viatu. Basi kama ni kufukuzwa, afukuzwe kwa kelele.

Walipopanda jukwaani mara ya pili, aliacha nafasi yake ya pili kutoka kushoto akapenya nyuma, katikati ya wanaume.

"Wewe mama," Nyamai akanong'ona, "huku unataka nini?"

"Nataka mume. Sogea."

Nyamai akasogea. Jonah alikuwa ameshageuka, mkono umeinuliwa, jasho kwenye sikio. Kabla hajatoa noti, Mbinya alifunga midomo, akakumbuka stoo, akakumbuka harufu ya unga wa moto na benchi linalotetemeka makalioni, na akaachilia. Mmmmmm. Kidogo tu, kama mashine iliyo mbali.

Uso wa Jonah ukalegea. Hakujua kwa nini. Akafungua mdomo akatoa doh, na ilikuwa ile ile ya Migwani, nzima, kama yai la leo.

Wimbo ukaanza. Mbinya akawa chini yake. Pumzi alikuwa nayo: mwaka mzima wa kuimba kimya ulikuwa umemjengea kifua kama mivuo ya mhunzi, na alijua mahali ambapo wote wanapaza ili yeye aibe hewa. Aliiona migongo ya walio mbele ikibadilika. Mabega yakashuka. Yvonne akaanza kutikisa kisigino chake cha kushoto, vile anavyofanya stoo tu. Ubeti wa pili ukafika, mahali pa punda. Punda akautazama mto, akapiga kwata, akapita juu.

Hapo ndipo Jonah alipoisikia. Aliangalia ukutani, kwa sababu masikio yake yalizoea ukuta. Akaangalia dari. Akaangalia safu ya nyuma, na kati ya koti la Nyamai na koti la mwingine akaona kola nyeupe, na juu yake uso wa mama aliyefumba macho bila kuigiza. Mkono wake ukasimama hewani. Mbinya, akichungulia kwa jicho moja, akafikiri: haya basi, gauni kwaheri.

Mkono ukageuka kiganja juu, ukamwelekea yeye, ukapanda. Ongeza.

Akaongeza. Alifungua mdomo ambao ulikuwa umefungwa mwaka mzima kwa kufunguliwa, na ile sauti iliyokuwa inakimbiza kuku ikatoka yote, ikalala chini ya wimbo kama mwamba chini ya kijito. Nyamai alipata mahali pa kuegemea, akaimba besi ambayo mbuzi wake hawajawahi kuisikia. Vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Waliokuwa nje wakasukumana kuingia, na ndume pale kwenye nguzo akaitikia, mooo, kwa heshima zote.

"Simamisheni!" Jaji mkuu alikuwa amesimama, miwani inaning'inia kwenye uzi. "Simamisheni wimbo! Mna chombo hapo!"

"Hatuna chombo, mzee," Jonah akasema.

"Kijana, nimefundisha muziki maisha yangu yote. Hapo kuna kinanda, au ni spika, au ni simu. Nasikia kitu kinanguruma."

Watu wa Tawa wakapiga kelele wakaguliwe. Jaji akapanda jukwaani mwenyewe. Akainama chini ya jukwaa, akatoka na utando wa buibui. Akampapasa Nyamai mifuko, akakuta chumvi ya mbuzi. Kisha akafika kwa Mbinya, akasimama, akatega sikio, naye Mbinya akamtazama kwa adabu sana.

"Mama, wewe unaimba sauti gani?"

"Nimeambiwa nisiimbe, mwalimu. Mimi ni mlezi."

"Hebu fungua mdomo."

Mbinya akainama karibu na sikio lake, kama Jonah anavyochambua maharagwe, ila safari hii haragwe ndilo lililomfuata mchambuzi. Akanguruma. Jaji aliruka hatua nzima nyuma, akapuliza kifilimbi chake. Filimbi na Mbinya wakawa kitu kimoja. Akapuliza tena. Kitu kimoja.

"Wacha!" jaji akasema. Akaligeukia kanisa. "Ni mama! Chombo chenyewe ni mama!"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake wa Tawa, wapinzani wenyewe, walipiga vigelegele mpaka vigae vikasikia. Mtu akapanda juu ya benchi. Nyamai alikuwa analia na kuapa kwamba analia kwa ajili ya ndume. Wakaambiwa waanze wimbo upya, na safari hii Jonah hakutoa doh yeye. Alimwinamia Mbinya kidogo, mbele ya watu wote, akangoja apewe.

Hakuna haja ya kusema ndume alilala kwa nani. Kilichobaki ni jinsi ya kumpeleka Migwani, maana alikataa kata kata kupanda lori, mpaka Mbinya alipokwenda akamngurumia sikioni na yeye akapanda kama bwana harusi.

Jumatano Yvonne alifika kwa Mbinya na futi ya kupimia shingoni.

"Umekuja kulipunguza?" Mbinya akauliza, akijifanya mnyonge.

"Nimekuja kulipanua, susu. Jonah amesema ukivuta pumzi vile, litapasuka mgongoni. Msichana mpya nimemkatia lake."

"Na nitasimama wapi?"

"Katikati. Nyamai anauliza kama sasa utavaa suruali."

"Mwambie nikivaa, atavaa gauni yeye. Na litamkaa."

Jumanne iliyofuata walikuwa stoo, wimbo mpya, watu kumi na watatu. Nje giza lilianza kuingia. Wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakarudia kiitikio kwa sababu ya utamu tu. Walipomaliza mlango ukafunguka, na kichwa cha Kitonga kikachungulia, cheupe kwa unga, na mshumaa mkononi.

"Stima imerudi?" akauliza.

Wakatazamana. Wakatazama taa ya juu, imezimika. Hakuna aliyejua ilipotea lini.

Mbinya akatafuna njugu yake, akaimeza bila haraka.

"Haijarudi, Kitonga," akasema. "Lakini leta mahindi, tukusagie."